Chokaa, Ukwaju na Bluberi za Dada Rina

Vijana wa vitalu vya miche vya Buswelu wameniomba niandike habari za kazi yangu ya bustani, kwa sababu nimestaafu na, kwa maneno yao, sina la kufanya. Hilo si kweli. Nina mchicha wangu na nina mke anayenipangia ratiba. Lakini nimekubali. Mshahara nitauruka, maana na wenyewe miaka yote ulikuwa unaniruka. Vyeo pia nitaviruka: nilianza mtunza bustani, nikamaliza mtunza bustani, katikati palikuwa na jua. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, isimamisheni wenyewe kwa kijiti kama mnavyofanya na mche wa mpapai.

Jina langu Shija. Kwetu Kisesa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ndiye anaitwa hivyo. Yaani nilifika duniani watu wameshachoka kushangilia.

Nilianza kazi miaka ile ya ruksa, maduka ya Mwanza yaliyokuwa na sabuni moja na buibui wawili yalipojaa ghafla rangi, vigae na mabomba. Familia moja ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi mjini ilikuwa inatafuta kijana wa kumsaidia mtunza bustani wao, mzee wa Kikerewe aliyeitwa Magesa. Nyumba yao ilikuwa mlimani, katikati ya miamba, ziwa unaliona lote.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kanisani, nimevipaka rangi mpaka vinang'aa. Mzee Magesa alivitazama muda mrefu kabla ya kunitazama mimi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umekuja kuoa?"

"Hapana mzee, nimekuja kazi."

"Basi vua. Udongo ukitaka maji unauambia mguu, hauambii kiatu."

Nikavua. Akanitembeza peku bustani nzima, ananiuliza hapa pamekunywa, hapa hapajanywa? Nilikosea kila mahali isipokuwa pale nilipokanyaga tope. Lakini nawaambia, mpaka leo sijapata kifaa cha kupima maji kinachozidi unyayo. Kasoro yake ni moja tu, hakiko salama kwenye miiba ya bogenvilia.

Mzee Magesa alikuwa amefanya kazi zamani kwenye bustani za serikali, zile za kusubiri wageni wakubwa, na huko alitoka na imani moja: mawe meupe. Kila kitalu cha maua kizungushiwe mawe, na kila Jumamosi mawe yapakwe chokaa. Miti nayo ipakwe mpaka usawa wa mkanda wa suruali. "Bustani bila mawe meupe," alikuwa anasema, "ni pori limechana nywele." Na chokaa hatukuwahi kupungukiwa, maana tajiri wetu ndiye alikuwa anaiuza.

Alipochoka akarudi kwao Ukerewe. Alinikabidhi mkasi wake wa kukatia matawi na brashi ya katani ya kupakia chokaa. Mkasi alinipa kwa mkono mmoja. Brashi alinipa kwa mikono miwili.

Sasa niwatambulishe kwa Ba. Ba ni mama kwa Kigujarati. Ndivyo tajiri alivyomwita mama yake mzazi, na sisi wafanyakazi tukafuata. Alizaliwa upande wa Magu, kwenye duka la baba yake, enzi za pamba, na Kisukuma chake kilikuwa cha ndani kuliko changu. Kila asubuhi alikaa barazani jikoni, anatafuna tambuu, anachagua mchele au pilipili, na anasimamia dunia. Nikimsalimia kwa Kisukuma ananijibu, halafu anasahihisha salamu yangu.

"Wewe Shija," aliniambia siku moja, "Kisukuma chako kimejaa maji kama uji wa hospitali. Mama yako alikunyonyesha kweli?"

"Alininyonyesha Ba, ila mapacha walikuwa wamemaliza yote."

Hapo alicheka mpaka tambuu ikamwendea vibaya. Tangu siku hiyo tulielewana, kwa maana ya kwamba alinitania kila siku bila kupumzika.

Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa tajiri, akaenda kuoa Ulaya. Alirudi na dada Rina. Wazazi wa dada Rina walikuwa watu wa Mwanza waliohama zamani, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila kilikuwa cha kizamani kama redio ya mbao. Alikuja na masanduku mawili. La kwanza lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na nguo pia, lakini ndani ya nguo kulikuwa na miche mitatu, mizizi imefungwa magazeti mabichi. Sijui alipitaje nayo uwanja wa ndege na sikuuliza.

"Kaka Shija," akasema, "hii ni bluberi. Tunda dogo, la buluu. Kwetu ilikuwa nyuma ya nyumba. Hii ni aina inayostahimili joto, amenipa mjomba wangu. Nataka iote hapa."

Mahali alipopachagua palikuwa ukutani, karibu na baraza ya jikoni, pana jua la asubuhi na upepo wa ziwa. Pazuri. Kasoro yake ni kwamba Ba naye alikuwa amepachagua tangu zamani. Alitaka pamwagwe zege, pawe sakafu ya kuanikia pilipili na papadi, vile vichapati vikavu vya unga wa dengu.

Ba hakukataa. Alitafuna, akatema, akasema, "Pandeni. Mpaka sikukuu ya Diwali ya mwakani. Nikiwa sijala tunda, namwaga zege." Kesho yake ikaletwa mifuko ya simenti kutoka dukani, ikapangwa juu ya mbao pale pale ukutani, ikafunikwa turubai. Kila nikienda kumwagilia naiona imekaa inasubiri, kama wakwe waliowahi sherehe.

Mimi nilidhani ni utani wa wakwe tu. Dada Rina ndiye aliyenieleza, amechuchumaa kando ya mashimo niliyochimba, anaongea chini chini.

"Jiko ni lake, kaka Shija. Funguo zake. Hata chumvi anaweka yeye, mimi nakoroga. Si mbaya, sisemi mbaya. Lakini humu ndani hakuna hata kijiko ambacho ni changu. Hapa tu ndio pangu. Likimwagwa zege, mimi nitakuwa mgeni kwenye nyumba hii mpaka nizeeke."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni Msukuma, nitaipa miche hiyo kila kitu. Na niliipa. Nilijaza mbolea ya ng'ombe. Nikaongeza majivu ya jikoni, kama mama alivyokuwa anafanya kwenye mboga. Halafu, kwa kuwa ilikuwa miche ya heshima, nikaizungushia mawe makubwa kuliko yote ya bustani ile, nikayapaka chokaa mikono miwili. Maji yaliyobaki kwenye ndoo ya chokaa nilisuuzia pale pale, kusudi kisipotee kitu. Mzee Magesa angeliona angelia kwa furaha.

Miche ikashika. Baada ya muda ikatoa maua, vikengele vidogo vyeupe vimeinamisha vichwa. Nikamwita dada Rina mbio. Akaja, akayatazama, akasema, "Yatoe."

"Yapi?"

"Yote. Mwaka wa kwanza mti unajenga mwili. Ukizaa mapema unadumaa."

"Dada, kwetu ng'ombe akizaa ndama wa kwanza hatumrudishi tumboni."

"Yatoe, kaka Shija."

Nikayatoa kwa vidole, moja moja, nageuza uso pembeni. Kutoka barazani Ba akasema, "Mti wa matunda, wanautoa maua. Halafu mimi mzee ndiye nasemwa sielewi."

Vijana, hilo la maua shikeni. Alikuwa sahihi. Hata kwa ndimu na parachichi ya kubebesha, ile iliyoungwa juu ya shina jingine, mwaka wa kwanza usiwe na huruma.

Lakini Diwali ya kwanza ilipopita, miche ikaanza kuugua. Majani yakawa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani, kama ramani ya barabara za mkoa. Nikaongeza mbolea. Yakazidi. Nikaongeza majivu. Yakazidi sana. Nikasema labda ni jicho la watu, nikaongeza chokaa kwenye mawe ili pasafike, na hapo ncha za matawi zikaanza kukauka. Mche mmoja ukafa kabisa. Ba alikuja akausimamia ule mche mkavu. Akapiga ule mfuko wa juu wa simenti kwa kiganja, pa pa, kama unavyompiga ng'ombe mzuri mgongoni, akarudi zake kukaa.

Jioni hiyo dada Rina hakutoka nje. Mume wake alikuja kuniuliza kama kuna dawa. Nilimwambia nitaitafuta, na nilikuwa sijui hata naanzia wapi.

Dada Rina alikuwa na kitabu cha bustani alichokuja nacho. Akaanza kunisomea vipande anavigeuza Kiswahili. Kitabu kilisema bluberi inataka udongo mchachu. Mimi nikachota udongo nikaulamba. Haukuwa mchachu. Ulikuwa udongo. Nikashuka mpaka sokoni kwa mama anayeuza udongo wanaokula wajawazito, nikamuuliza kama anao mchachu.

"Mkeo ana miezi mingapi?" akaniuliza.

"Si mke. Ni mti."

Akavuta sinia lake kifuani, akaniambia niende kwa muuzaji mwingine, yaani niondoke.

Basi ikawa Jumamosi moja. Wageni walikuwa wanakuja, na wageni wakija ni lazima mawe yawe meupe. Mimi nimeinama na ndoo yangu pale kwenye miche miwili iliyobaki, napaka. Dada Rina amekaa kwenye kigoda na kitabu. Ba yuko barazani na sinia la pilipili, tambuu mdomoni.

"Kimeandikwa tena hapa," dada Rina akasema. "Uchachu. Bila uchachu mizizi haiwezi kula, hata kama chakula kipo. Lakini tumeweka kila kitu, kaka Shija. Tumeweka kila kitu."

Ba akacheka kule barazani. Akawa hawezi kujizuia. Mtu aliyesimamia dunia maisha yake yote hawezi kuona kazi inaharibika akanyamaza.

"Uchachu? Uchachu gani na huyu kila Jumamosi anaimwagia chokaa? Chokaa inakula uchachu. Hata mtoto anayetumwa tambuu anajua. Chukua maji ya ukwaju, tia chokaa, onja kama kuna ukwaju tena humo."

Brashi ikasimama hewani. Dada Rina akainuka, akaingia jikoni, jiko la Ba, bila hodi. Akatoka na bilauri ya maji ya ukwaju. Akachota kwenye kikopo cha Ba chenyewe ile chokaa ya kupaka jani la tambuu, akakoroga, akaonja, akanipa. Nikaonja. Ilikuwa kama kulamba ukuta.

Tukamwangalia Ba. Taya lilikuwa limeacha kutafuna. Nadhani ndipo aliposikia alichokisema. Niliona kabisa ile sakafu yake ya papadi inapita mbele ya macho yake inaaga.

"Msiniangalie," akasema. "Mimi nimezungumza habari za tambuu. Sikuzungumza habari za miti."

Nikachomoa mawe yote siku ile ile. Wageni walikuta bustani ina upande mmoja uchi, wakauliza kama tumeibiwa.

Kitabu kilisema pia kwamba majani ya misonobari yaliyooza yanafaa sana, na misonobari niliyoijua mimi ilikuwa Ukerewe. Nikapanda meli. Mzee Magesa nilimkuta nyumbani kwake anapalilia mihogo, na mbele ya nyumba mawe meupe yamejipanga kama askari wa gwaride. Nikajua safari itakuwa ngumu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshavaa viatu tena?"

Nilivua. Nikamweleza taratibu, naanzia mbali, kwenye afya na hali ya hewa, mpaka nikafika kwenye chokaa. Alisikiliza huku ameegemea jembe.

"Nimepaka mawe tangu enzi za mkoloni," akasema. "Nimewapakia wakubwa wa kila namna. Hakuna mti uliowahi kulalamika."

"Huu umelalamika mzee. Mmoja umekufa."

Akayatazama mawe yake. Akanitazama mimi. "Mgonjwa akikatazwa chumvi," akasema, "wenye afya hawaachi kula. Mawe yangu nayabakiza. Twende nikuonyeshe misonobari."

Ndiyo hekima ya bustani yote hiyo, vijana, na alinipa akiwa amekasirika. Kinachoua bluberi hakiui bogenvilia. Uliza kwanza nani anakaa pale.

Nilirudi na magunia ya majani ya misonobari yaliyooza. Kwenye meli watu wanasafirisha mihogo, machungwa, samaki wakavu, mimi nimekalia takataka. Mama mmoja akaniuliza nabeba nini. Nikamwambia ni chakula cha mkwe wa Kihindi. Akasikitika akanipa chungwa.

Tukachimba upya, mashimo mapana, udongo wote wa zamani nje. Tukaweka mchanga wa mlimani na majani yale ya Ukerewe. Mbolea ya ng'ombe na majivu marufuku, navyo vinakula uchachu. Maji ya mvua nilikinga kwenye pipa, chini ya bati. Miche ikakaa wiki nyingi haijasema ndiyo wala hapana.

Halafu asubuhi moja nimeinama kuangalia, naona kokwa ya ukwaju kwenye shina. Nikadhani ni ya bahati mbaya. Kesho yake naona nyingine, na utelezi wa ukwaju umeloa kwenye majani yaliyooza. Hakuna mkwaju kwenye nyumba ile. Ukwaju ulikuwa jikoni tu, kwenye mtungi, na mtungi ulikuwa na mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nilizifukia zile kokwa kwa kidole gumba na kuendelea na kazi.

Majani mapya yakatoka ya kijani kweli kweli, na wekundu kidogo kwenye ncha. Maua yakaja. Nikamwangalia dada Rina.

"Haya yaache," akasema, tayari amechuchumaa kuyahesabu.

Vitunda vikaanza vya kijani, vikapauka, vikaingia buluu na unga mweupe juu yake. Hapo tukapata maadui wapya. Shore, yule ndege mwenye kishungi anayejifanya mpole, aliwaita ndugu zake wote. Nikashuka Igogo kwa jamaa yangu mvuvi, akanipa kipande cha wavu wa dagaa uliochanika pembeni. Nikaushona, nikasimamisha miti minne, nikafunika miche yote mpaka chini, nikabana kwa mawe. Mawe ya kawaida. Kila anayepita nje ya ukuta anachungulia.

"Fundi, mnavua nini nchi kavu?"

"Wahindi wachanga," namjibu. "Wakikua tunawarudisha dukani." Ba alinisikia akanitupia pilipili.

Diwali ikafika. Asubuhi na mapema fundi akagonga geti, na beleshi na chepe na mtu wa kukoroga. Ba ndiye aliyemwita, miezi mingi nyuma, na hakuwa amemwambia asije. Dada Rina alimwona kupitia dirisha, akatoka akasimama mbele ya wavu, mikono imekunjwa. Mimi nikasimama nyuma yake na mkasi, ingawa sijui ningemkata nani.

Ba akashuka barazani. Hilo peke yake lilikuwa tukio, maana Ba hakuwa mtu wa kushuka ovyo. Akanionyesha kidole. "Fungua."

Nikafungua wavu. Akainama polepole, akachuma moja, akaigeuza, akaitupa mdomoni. Siku hiyo hakuwa na tambuu. Akatafuna muda mrefu. Fundi ameshika beleshi, dada Rina hapumui.

"Hii," Ba akasema, "ni zambarau iliyokosa chakula."

Akachuma ya pili. Akala. Akachuma nyingine kidogo akaziweka kwenye kiganja, akazifunga kwa ncha ya sari yake, akamgeukia fundi.

"Zege peleka kule nyuma ya stoo. Jua lipo pia. Hapa usikanyage, hapa ni shamba la mkwe wangu."

Fundi akahamia nyuma ya stoo. Simenti ya juu ilikuwa imeganda imekuwa jiwe, ikabidi tuifungue kwa nyundo, lakini ya chini ilifaa. Zile bluberi za kwenye sari Ba alikwenda kuziweka mbele ya miungu yake, pamoja na peremende na taa za Diwali. Dada Rina aliziona pale, akarudi nje akalia kidogo kwenye pipa langu la maji ya mvua. Nilimwambia asiwe na shaka, machozi yana chumvi lakini si chokaa.

Baadaye, wakiwa wawili barazani, dada Rina akachagua pilipili upande mmoja wa sinia na Ba upande wa pili. Mimi nilikuwa karibu nafunga wavu.

"Ba," dada Rina akauliza, "nani alikuwa anamwagia ukwaju kwenye miche yangu? Nimekuta kokwa."

Ba hakuinua macho. "Ndege."

"Ndege?"

"Ndege wa huku wanakula ukwaju, wanadondosha kokwa. Uliza Shija, yeye ni mtu wa huku."

Nikasema ni kweli kabisa, ndege wa huku ndivyo walivyo. Mikononi mwangu nilikuwa na wavu wa dagaa, ambao ndege hapitishi hata mdomo, na kwenye udongo pale chini kulikuwa na kokwa mbichi ya asubuhi ile. Nikaifukia kwa kidole gumba.